Uzi Uliofika Peke Yake

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Kikao cha akina mama misheni. Bazaa ni tarehe 24, mapato ni ya vitanda vya wodi ya wazazi. Tumepewa vitu vya kuogea: glovu, vitambaa vya uso, vifuko vya sabuni vyenye kamba ya kutundika. Vyote vya kufuma kwa kulabu, pamba nyeupe. Dorica, mwenyekiti wetu, aliuliza kama wazungu wanaogopa kujigusa, hata wavae glovu bafuni. Tulicheka sana. Bibi wa misheni akataka kutafsiriwa. Dorica akamwambia tunasifu glovu yake ya mfano.

Uzi wa madukani Kashikishi unakatika. Jairos yuko Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, anauza samaki aliovua na kukausha. Nimemwagiza uzi wa Wabelgiji. Mume wangu huleta anachoagizwa, akisema kwanza kwamba hakukipata.

Jumatano, 7 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Mitumbwi yote imevutwa juu. Jairos atangoja Kilwa. Si mtu wa haraka.

Alhamisi, 8 Agosti

Hakungoja.

Kingsley, aliyekuwa naye Kilwa, amevuka leo. Anasema Jairos alitangulia jana alfajiri, ziwa likiwa bado limelala. Wavuvi wa upande wa Chienge wameuona mtumbwi wake umepinduka. Mtu hayumo.

Nimemwambia mama mkwe, Mayo Eneless. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

Jumamosi, 10 Agosti

Wavuvi wameleta kopo la biskuti. Lilikuwa linaelea, limefungwa kwa kamba kwenye boya la wavu, kifuniko kimezibwa kwa lami ya mtumbwi. Ndani, uzi. Mweupe, mkavu kabisa. Ndio niliouagiza.

Mayo hakutazama uzi. Alichukua kamba, akageuza kifundo kwa vidole. Ni cha mwanawe, alifundishwa na baba yake. Akatuambia wote tuliokaa matanga:

"Mutu anayezama hafungi kifundo namna hii. Huyu alikuwa na nafasi. Yuko kisiwani, anakula samaki ya wenyewe."

Waombolezaji wakatazamana. Wawili wakaanza kukunja mikeka.

Jumapili, 11 Agosti

Nimemuuliza Kingsley kuhusu kopo. Aliona kwa macho. Akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu kama wote: "Jairos alilifunga pale Kilwa, mbele ya kupakia. Kila safari anafungaka vile, Bana Musonda. Mutumbwi ulikuwa ungali kwenye muchanga."

Basi kifundo hakisemi lolote. Kazi yangu ya gazeti ni kupeleka neno la aliyeona kwa asiyeona. Nimeifanya tangu nilipotoka shule ya Elisabethville. Leo nimefika mlangoni kwa Mayo nikamkuta anampangia Jairos sahani.

Nikarudi.

Jumanne, 13 Agosti

Katika nyumba hii wafiwa hawaogi mpaka mama wa marehemu apashe maji. Yeye ndiye humwogesha mjane. Akishamwogesha, ndipo kunakuwa na mjane. Mayo amekataa. Hakuna maiti, anasema, hakuna maji. Lakini yeye mwenyewe haogi pia. Nimeona.

Nanawa mikono tu, kwa ajili ya uzi. Nafuma glovu za kuogea, nanuka moshi na jasho. Gazeti limeniomba habari ya dhoruba. Nimeipeleka: "Mvuvi mmoja wa Nchelenge hajaonekana." Ni kweli yote.

Ijumaa, 16 Agosti

Dorica alikuja kuchukua nilivyomaliza. Alisitasita. Kuna wenzetu wanasema kitu cha kuogea hakitoki kwenye mikono iliyo matangani, mnunuzi atajipaka kifo. Nilimwuliza yeye anasemaje. Akasema atavichemsha vyote, pamoja na vya hao wanaosema, maana mmoja wao anafuma huku mtoto anamkojolea mapajani. Nilicheka. Mara ya kwanza. Kisha akanishika mkono, na hapo sikuweza kuendelea kucheka.

Jumatano, 21 Agosti

Musonda ametuma neno kutoka Kitwe, mgodi haumpi ruhusa kwa baba asiyezikwa. Mwanangu anauliza: amekufa au hakufa?

Glovu mbili nimekosea. Kubwa mno. Nilikuwa nafuma bila kupima. Zimebaki nyumbani.

Jumamosi, 24 Agosti

Bazaa. Sikwenda, sina ruhusa ya kukaa na watu. Dorica alipita kuniambia vimekwisha vyote. Mke wa bwana mmoja wa boma alichukua vifuko vya sabuni, akauliza nani ana mkono safi hivi. Dorica akamhesabia chenji.

Jumapili, 25 Agosti

Mayo aliingia baada ya ibada. Aliziona glovu kubwa juu ya kiti. Akavaa moja. Mkono wake mdogo ulipotelea ndani.

Akaniuliza ni za nani. Nikasema nilikosea kipimo. Akasema mimi sikosei vipimo.

Kisha, bila kunitazama: "Wewe kazi yako ni kuuliza watu. Kingsley ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, Mayo."

"Alisema nini?"

Nilimwambia. Kilwa, mchangani, kabla ya kupakia. Nilisema polepole, kama ninavyosoma habari kwa mhariri, kwa sababu sijui namna nyingine.

Alikunja kidole gumba ndani ya glovu, akakikunjua. Akasema Jairos alikuwa hivyo tangu mtoto, hakuweza kubeba hata yai bila kulifunga.

Akatoka.

Naandika kwa sababu namsikia uani na sijui nikae vipi. Anavunja kuni. Ameteka maji mwenyewe, kachukua sufuria kubwa. Nimechungulia: kiti kidogo kimewekwa nyuma ya ua wa matete, glovu moja juu yake, nyingine bado ameivaa. Nimevua kitambaa cha kichwa. Nangoja kuitwa.

Maji yamechemka. Hakuita. Anajisemea peke yake, ni ya moto mno.

Sasa yamepoa. Kutoka hapa sioni mvuke tena.

Anatia kuni tena.