Kibarua Wetu

Yuty, 19 Aprili 1994

Mwanangu Derlis,

Mungu akubariki. Hujambo huko Asunción? Sisi tunaendelea, ila miguu yangu imevimba tena na pamba nyingine bado iko shambani.

Tangu wewe na rafiki yako Ramiro mlipoondoka baada ya Pasaka, kaka yako Wilfrido hasemi. Ramiro alipouliza, "Huyu ni nani?" kaka yako akiwa mlangoni na matope hadi magotini, ulijibu, "Kibarua wetu." Alisikia. Akachukua sahani yake, akaenda kula uani. Baba yenu alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili wewe usome. Kusoma nilikutuma, kujiona sikukutuma. Mwombe radhi.

Mama yako


Asunción, 7 Mei

Mama,

Naomba baraka yako. Pole kwa miguu, ukilala iinue juu ya mto. Neno lile lilinitoka tu mdomoni, kaka anakuza mambo. Mitihani imenibana.

Mwanao


Yuty, 22 Mei

Mwanangu,

Ubarikiwe. Kama ni jambo dogo, basi hata radhi yake ni ndogo. Nimechoka, Derlis. Sitarudia.

Mama yako


Asunción, 4 Septemba

Mama,

Naomba baraka yako, na unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Miguu inaendeleaje?

Jumamosi Ramiro alinialika kwao kwenye sherehe, mdogo wake wa kike alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano. Nilivaa shati jeupe. Baba yake aliponiona mlangoni akaniambia, "Kijana, viti viko nyuma, vilete." Ramiro alikuwa amesimama hapo hapo. Akatazama pembeni. Nilibeba viti vyote, mama, kisha nikaondoka kwa mlango wa jikoni.

Humu kwenye bahasha nimeweka karatasi ya kumwomba kaka radhi. Tafadhali msomee wewe, akiuona mwandiko wangu ataichana.

Mwanao


Yuty, 15 Septemba

Mwanangu,

Mungu akubariki. Habari ya viti imeniuma. Miguu ni ile ile.

Karatasi ya kaka yako nakurudishia, sijamsomea. Bahasha aliiona. Aliuliza kama unakula vizuri, akaenda kufunga maksai kwenye plau.

Nimechoka kuwa mdomo wa wanangu wawili. Ulimkana akiwa amesimama mbele yako, basi njoo usimame mbele yake. Wiki ijayo tunapanda pamba, na mimi siwezi tena kuinama, kwa hiyo shambani mtakuwa wawili tu.

Njoo na nguo chakavu.

Mama yako