Injini Inagonga Njia ya Mwanda

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Kabichi na viazi toka Mwanda mpaka stesheni ya Voi, kuwahi treni, kama kawaida. Wakati wa kupanda kurudi, injini ikaanza kugonga. Ko, ko, ko. Nikikanyaga mafuta inazidi, nikiachia inapungua. Nimepima oili kwa kijiti: haijapungua hata kidogo. Angalau hilo. Nimekula ugali baridi. Sina hamu ya kupika.

Jumatano, 8 Agosti
Bado inagonga. Abiria ninaowapandisha toka Voi wote wamekuwa mafundi. Mama mmoja wa Mghange anasema ni jiwe limeingia. Mzee wa kanisa anasema ni petroli mbaya. Wakesho angeinamisha kichwa, asikilize, kisha aonyeshe kwa kidole. Mke wangu hakujua kuendesha, lakini gari hili likiugua alikuwa wa kwanza kujua. Tulimzika wakati wa masika.
Nimerekebisha valvu. Nimebadilisha plagi. Kazi bure.

Alhamisi, 9 Agosti
Dada yangu Mkawasi ametuma neno tena kutoka Njukini. Niuze gari, nihamie kwake, nilime mahindi na wanawe. Ananitakia mema. Nimekasirika hata hivyo. Bila gari sina kazi, na bila kazi nitashinda ndani ya nyumba hii nikitazama kiti cha Wakesho. Au niwe mjomba wa pembeni huko Njukini, anayepewa chai na kuambiwa apumzike. Sitaki.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimezima tena mteremkoni.
Madereva wote wa huku milimani huzima suichi wakishuka, gari likiwa kwenye gia, ili kuokoa petroli. Mimi na Wakesho tulikuwa na sababu yetu. Gari hili lina kelele, humo ndani hamuwezi kuongea. Kwa hiyo tukifika mwamba mweusi nilikuwa nazima, na Wakesho anasema, "Enhe, sasa sikiliza." Ananipa habari zote mpaka darajani. Kipande kifupi tu, kisha nawasha.
Siku hizi nazima tangu juu mpaka chini kabisa. Nimebeba mzigo tu, hakuna abiria. Nasikia upepo na matairi. Namngoja aanze. Ni upumbavu, najua.

Jumatatu, 13 Agosti
Inagonga vibaya. Leo nimepanda roho mkononi. Watu wa barabarani wanageuka kutazama. Kesho nalipeleka kwa fundi Salim, Voi. Akisema injini imekufa, basi ni Njukini.

Jumanne, 14 Agosti
Fundi Salim aliiacha injini ikinguruma, akawa anatoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu, kugonga kukapungua. Beringi ya hapo imelika. Halafu akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanipa na mimi. Petroli tupu. Kumbe ndiyo maana oili haikupungua. Petroli ilikuwa inaijaza, nami nikifurahi.
Akauliza, "Bwana wewe, mteremkoni wazima?"
Nikasema kidogo tu.
"Kidogo hakufanyi haya. Ukizima suichi na gari li kwenye gia, injini yaendelea kuvuta petroli isiyowaka. Yashuka kwenye oili, oili yawa maji. Wazimia wapi?"
Nikamwambia, tangu Mwanda. Akanitazama sana.
"Petroli yote hiyo waiweka akiba ya nini?"
Ningesema nini? Kwamba namsubiri mtu aongee?
Bahati nzuri krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imepona. Ataweka beringi mpya na oili safi. Lakini nikirudia mchezo ule, amesema, nisimletee tena, nitafute wa kununua vyuma chakavu.

Ijumaa, 17 Agosti
Limepona. Nimepanda nalo mlima wote, injini tulivu. Nimemtumia Mkawasi salamu kwamba sihami. Nina furaha na sina wa kumwambia. Nimewasha moto, nimepika maharagwe, mengi kuliko ninavyoweza kula.
Kesho nashuka na mzigo. Naogopa mteremko kuliko nilivyoogopa kugonga.

Jumamosi, 18 Agosti
Nimeshuka injini ikiwaka. Kelele njia nzima. Kwenye mwamba mweusi mkono ulikwenda kwenye suichi wenyewe. Mazoea yana taabu. Nikaurudisha kwenye usukani, nikaushikilia hapo mpaka darajani. Nilitaka kulia na nikalia kidogo.
Baada ya daraja nikaegesha kando ya barabara. Nikavuta breki, nikatoa gia, ndipo nikazima. Kimya kilekile.
Nikasema, "Enhe, sasa sikiliza." Sauti yangu ilikuwa ngeni kwangu. Nikampa habari. Kwamba ilikuwa beringi ya tatu. Kwamba Mkawasi atanuna. Kwamba kabichi za mwaka huu ni ndogo, na yule mzee wa kanisa bado anasema ni petroli. Habari ziliisha upesi. Yeye alikuwa na habari nyingi kuliko mimi.
Nikawasha. Ilishika mara moja. Treni nimeiwahi.