Mikono Uliyoipiga Msasa

Ni mwaka mzima sasa, Fundi Milimita, tangu ulipotuacha, na randa yako imelala ubavu. Nyumba nzima imeniachia kalamu mimi dada yako. Mkeo anasema akianza atajaza daftari, na binti yako Kibanzi anasema akianza atalia. Basi mimi, niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, nitayasema kama yalivyokuwa.

Ulikuwa seremala wa kweli. Ukiingia nyumba ya watu, kabla ya salamu ulikuwa ushatazama kama mlango umekaa sawa. Penseli uliitafuta karakana nzima nayo iko sikioni, na ole wake aliyecheka. Ubishi nao ulikuwa nao, tusidanganyane kwa sababu hupo. Lakini jirani akivunjikiwa na kitanda hakuambiwa aje kesho. Ulikwenda na nyundo yako, ukarudi chakula kimepoa, ukala bila kulalamika.

Leo tunataka kuikumbuka ile hadithi uliyopenda kuisimulia, ya kuzaliwa kwa binti yako. Uliisimulia mara nyingi hata tukawa tunakusahihisha.

Alikuja kabla ya wakati wake, kilo moja na robo tatu tu. Mkeo alikuwa amelazwa wodi nyingine, homa imemkaba, hata kukaa hawezi. Vitanda vya joto vilikuwa viwili na vyote vina wenyewe. Muuguzi akakwambia mtoto anahitaji joto la mwili wa mtu, tena leo hii, akipoa tutampoteza. Mimi nilikuwa na mafua, nikazuiwa mlangoni. Ukabaki wewe.

Ukamgusa shavu kwa kidole kimoja. Miaka kumi na saba ya mbao ilikuwa kwenye kidole kile. Kikaacha mstari mwekundu, mtoto akalia, nawe ukarudi nyuma mpaka ukutani. Ukasema una udhuru kidogo, unarudi sasa hivi. Muuguzi alidhani umekimbia, akampakata mtoto mwenyewe huku wagonjwa wengine wanamsubiri. Mimi niliyekuwa nje nilidhani hivyo hivyo, nikakutukana kimoyomoyo. Unisamehe.

Kumbe ulikwenda karakana. Ukatoa msasa ule laini kabisa, wa kumalizia meza, ukaanza kujisugua viganja. Ukapuliza vumbi, ukakagua kwa kidole, ukasugua tena. Hukuacha mpaka kazi ikakuridhisha. Kisha ukarudi wodini mbio na kumwonyesha muuguzi mikono yako kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Ilikuwa myekundu, inachuruzika damu.

Muuguzi akauliza mtu mzima na akili zake anafanyaje jambo kama hili. Ukamjibu kwamba kitu kikikwaruza dawa yake ni msasa. Akakufunga bendeji mikono yote miwili, kisha akasema, "Fungua shati. Au na kifua umekipiga msasa?"

Ukasema hapana, kifua hukukigusa.

Akamlaza binti yako kifuani pako, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa shuka. Ukakaa kwenye kiti cha chuma, mikono hewani kama mtu aliyekamatwa. Nyimbo za kubembeleza watoto hukujua hata moja. Ukaanza kumsomea kazi zilizokuwa zinakungoja: kabati la milango miwili, urefu sentimita mia na themanini, droo tatu, bawaba sita. Kwenye bawaba akalala. Ulisema uliihisi miguu yake ikipata joto kidogo kidogo, na ulikuwa unaogopa hata kukohoa. Hapo ndipo ulipomwita Kibanzi. Ulikwenda siku kumi na tisa mfululizo, mpaka mkeo akapata nguvu za kumpokea. Wateja waliokuja kuulizia makabati yao waliambiwa fundi yuko kazini.

Ule mstari wa shavuni ulifutika kesho yake, lakini wewe uliendelea kuubeba. Toka siku ile, shavu la Kibanzi ulilishika kwa mgongo wa mkono tu. Alipoanza shule, mgongo wa mkono. Alipofaulu ufundi umeme, alipoolewa, mgongo wa mkono. Tulikutania sana, ukasema ndivyo ulivyozoea. Sababu tuliijua sote, na yeye aliijua.

Halafu maradhi yakakukalisha miezi minane bila kushika msumeno. Mchana mmoja Kibanzi alikuwa anakunawisha mikono kwenye beseni, mara akaacha kusugua. Akaipapasa tena.

"Baba," akasema, "imelainika."

Ukaitazama kama mali ya mtu mwingine. Ukaugeuza mkono wa kulia, ukamshika shavu kwa kiganja, mara ya kwanza tangu siku ile ya wodini. Ukamuuliza, "Inakwaruza?"

"Haikwaruzi," akakujibu. "Lakini hata ile ya zamani, Baba, nilikuwa naingoja."

Mkono hukuuondoa mpaka maji yakapoa. Siku ya nne ukatutoka.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hajamruhusu mtu kukikalia kiti chako. Binti yako Kibanzi na mumewe. Mdogo wetu wa mwisho, uliyemtengenezea kitanda anachokilalamikia hadi leo. Mafundi wenzako wa karakana. Nami dada yako, niliyekutukana pale mlangoni.

Hakuna siku itakayopita bila kukukumbuka, Fundi Milimita. Randa yako iko pale pale, imelala ubavu kama ulivyoiacha.