Dada, Asali Hayuko Tena Maungu

Mpendwa dada Wakio,

Umeniandikia kwenye simu kwamba Desemba unarudi kutoka Doha, na jambo la kwanza utakalofanya ni kumpanda Asali. Nilisoma maneno hayo nikiwa stafrumu, vitabu vya kidato cha pili vimejaa mezani. Najibu sasa.

Unakumbuka baba alipomleta yule farasi nyumbani? Ranchi ilikuwa imeacha mambo ya farasi, na kwa kuwa mzee ndiye aliyewatunza miaka yote, wakampa mmoja. Majirani walitucheka: wao wanafuga mbuzi, sisi farasi. Wewe ndiye uliyempanda kwanza, bila tandiko, umeng'ang'ania manyoya ya shingo, baba anakimbia kando akisema, "Magoti, Wakio. Mshike kwa magoti." Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Baba alipokuwa anatuacha, wewe ndiye uliyemshika mkono. "Tutamtunza, mimi na Mghoi," ulimwambia. Matanga yakaisha, ukapata kazi ya hoteli, ukaenda.

Farasi haelewi kwamba shule imefungua. Nilikuwa naamka kungali giza, nafagia banda, nampanda hadi karibu na reli na kurudi, halafu namwogesha mama, ambaye tangu apooze upande mmoja hawezi hata kufunga kitenge. Ndipo niende Voi kufundisha. Mwalimu mkuu aliniambia mbele ya wenzangu, "Madam, unatuletea harufu ya zizi." Jumamosi kulikuwa na kwaya, au mazishi, au masomo ya ziada. Nisipompanda siku kadhaa, Asali alikuwa anapiga mbao mateke mpaka mama analia. Nawe kutoka huko: "Usiache kumpanda, anahitaji mazoezi." Hukuwahi kuniuliza mimi nahitaji nini.

Mwezi uliopita mama alianguka bafuni nikiwa nimempanda farasi. Alilala sakafuni mpaka niliporudi. Nilipomwinua hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Leo amekimbia vizuri?"

Jioni hiyo nilimpigia mfugaji mmoja wa upande wa Taveta ambaye ana farasi wengine, na watu wa kuwashughulikia. Alikuja na lori. Asali alikataa kupanda, akarudi nyuma akitetemeka, mpaka nilipomshika hatamu nikatangulia mimi. Akanifuata. Nikashuka, wakafunga mlango.

Kwa hiyo ukija, usilete zile buti za kupandia farasi ulizonunua. Mama anakungoja, na chumba chako nitakifagia. Mimi, kama nakungoja, bado sijui.

Jumamosi iliyofuata sikuwa na farasi wa kuamkia. Nililala hadi jua likaingia dirishani. Nililala vizuri, Wakio, usingizi mtamu kuliko wote tangu uondoke, na hilo ndilo nimeshindwa kukusamehe.

Mdogo wako,
Mghoi