Jiko Asiloingia Mama

Bermeo, 9 Oktoba

Dada yangu mpendwa Garazi,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Rosario, ng'ambo ya bahari, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Kazi yangu ya kupokea wageni wanaokuja likizo kujifunza mapishi yetu imeshika kasi. Asubuhi nawapeleka sokoni, mchana tunapika kwenye jiko la chama chetu cha wanaume wapenda kupika, ambalo ufunguo wake niliurithi kwa marehemu baba. Sheria unaijua: wanawake wa mji huu wanakaribishwa mezani, lakini jikoni hawatii mguu. Wageni wamepewa kibali kwa sababu wanalipa. Mama husafisha ngisi nyumbani, hunikabidhi ndoo mlangoni, kisha hugeuka zake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wanawake sita kutoka Madrid. Tulipokuwa tukikoroga ngisi kwenye wino wao, mmoja aliuliza mapishi matamu namna ile ni ya nani. Nikajibu kama ninavyojibu siku zote, kwamba ni ya baba, nikawaonyesha ukutani ile kofia ya ubingwa aliyotuzwa mashindanoni kwa chakula hicho. Sikujua kwamba mama alikuwa amesimama mlangoni, ameniletea kitunguu saumu nilichokisahau.

Yule mgeni akamwita kwa furaha, "Ingia, mama, utuonyeshe!"

Mwenyekiti wetu Txomin akadakia, "Thubutu! Huyu akiingia leo, kesho wake zetu watatufukuza sisi!"

Watu wakacheka. Nami, Garazi, nikacheka.

Mama akasema taratibu, "Kofia hiyo niliishinda mimi, Txomin. Marehemu hata kitunguu hakujua kukata." Akaweka kitunguu saumu kizingitini, akaondoka. Tangu siku hiyo hajawasha jiko nyumbani. Anakula mkate na jibini, na mimi hakunisemesha hadi jana.

Sasa nikuungamie. Unakumbuka miaka minne iliyopita, chama kilipopiga kura ya kuwaruhusu wanawake jikoni, pendekezo likaanguka kwa kura moja? Nilikuandikia kwamba nilikubali, na kwamba wazee ndio waliotuangusha. Nilikudanganya. Kura hiyo moja ilikuwa yangu. Niliogopa kwamba mama akisimama kwenye jiko lile hata saa moja tu, kila mtu atajua kwamba baba hakuwa mpishi, wala mimi si mpishi.

Jana nilimweleza. Nilidhani atalia, au atanipiga kofi. Aliendelea kukunja mashuka yake, akasema, "Nilijua, mwanangu. Siku ile ulirudi ukala sahani mbili bila kuniangalia usoni. Nimengoja miaka yote useme mwenyewe, nikidhani ukisema itaniuma kidogo. Kumbe inauma vilevile."

Alipomaliza mashuka, akaniagiza nikuulize kama una nafasi ya kitanda kwako. Hakutaja ni kwa muda gani, nami sikuthubutu kuuliza. Tafadhali mjibu yeye, usinijibu mimi.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu wote, mkubwa kwa mdogo. Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Imanol