Kondoo Kulia, Mbuzi Kushoto

Mwanangu Ekiru,

Nimekuita kwa jina la nyumbani. Petro nilikupa mimi siku ya ubatizo, Jamal ulijichagulia mwenyewe, na kwa hayo majina mawili tumegombana vya kutosha. Ekiru alikupa mama yako kwa sababu ulizaliwa mvua ikinyesha. Hilo hakuna mtu amewahi kuligombania.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, ujue hivyo. Nilisoma ngumbaru miaka miwili, mimi peke yangu katikati ya akina mama, na mwalimu akasema kichwa kama changu kingeanza mapema ningekuwa chifu. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, lakini ni yangu.

Unakumbuka boma letu la miiba kule Kipsing? Jioni wanyama wakirudi, mimi nasimama mlangoni na fimbo, kondoo kulia, mbuzi kushoto, na hakuna siku nilikosea. Wachungaji wengine walitafuta mbuzi wao mpaka giza. Mimi nilipiga mluzi tu. Mbili fupi, moja ndefu, na mbuzi wanaacha hata majani mdomoni wanakuja. Nilikufundisha huo mluzi ukiwa huna meno ya mbele. Ulikuwa unatoa upepo na mate, mama yako anacheka mpaka anashika mbavu.

Jioni moja nilikueleza ya siku ya mwisho. Nikasema Bwana naye atasimama mlangoni namna hii, wa kulia waingie uzimani, wa kushoto waende motoni. Ulihesabu mbuzi wako, kisha ukauliza, "Baba, lakini mbuzi walifanya kosa gani?"

Nikakuambia, "Mbuzi ana kiburi. Lala."

Tulipohamia Burat nikawa mhubiri. Pale stendi, wauza miraa waliniita Mzee wa Moto, na mimi nilipenda. Kuna wahubiri wana vipaza sauti, wana magitaa. Mimi nilikuwa na koo langu na moto wa milele, na watu walisimama. Mama mmoja alitupa ugoro wake chini pale pale akaokoka. Uliona kwa macho yako.

Ndiyo maana ulipokuja kuniambia juu ya Halima, ulikuja asubuhi, kabla sijaenda kuhubiri mchana. Ulijua koo langu. Ukasema unamuoa, na umeshasilimu, na ukaweka kilo mbili za sukari juu ya meza. Nilizirudisha mikononi mwako. Nikasema maneno ambayo stendi nzima ilikuwa imeyasikia, lakini wewe nilikuwa sijakuambia bado. Nikasema utachomeka, na mimi nitakuwa juu nakutazama, na hata ukiniomba tone la maji nitanyamaza.

Hukukasirika. Afadhali ungekasirika. Ulisema, "Sawa, Baba. Lakini siku wewe ukiwa na kiu, uniite." Ukaenda na sukari yako.

Halafu figo zikakushika. Halima alinipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza alisema umelazwa. Mara ya pili alisema unaniuliza. Mara ya tatu alilia tu, nikamwambia, "Akirudi kwa Bwana nitakuja siku hiyo hiyo, kwa miguu." Kila nikienda mjini nilipita mbele ya lango la hospitali. Ekiru, sikupunguza mwendo. Niliongeza.

Mkwe wangu Wario, baba wa Halima, ndiye alinipigia ile asubuhi. "Mkwe, kijana wetu ametuacha alfajiri. Kuja." Maneno hayo tu. Mimi nikaona ni dharau. Mzee kama mimi anaitwa kwa simu kama fundi wa mabati? Nikavaa koti langu la mikutano. Nikatoa viti sita nje, na kwa kuwa mama yako alishakutangulia, nikamwomba mama jirani apike chai birika kubwa. Nilijua wazee watakuja kunibembeleza. Waniombe mara ya kwanza nikatae, mara ya pili ninyamaze, mara ya tatu niinuke. Nilipanga hata namna ya kuinuka.

Saa nane mtu wa boda akapita, akasimamisha pikipiki akanipa mkono. "Pole kwa mazishi, Mzee."

"Mazishi gani?"

"Si tumemzika Jamal baada ya swala ya adhuhuri? Mimi natoka huko sasa."

Nimeishi Isiolo miaka yangu yote. Nimeona jirani zangu Waislamu wakifa asubuhi na kuzikwa kabla ya jua kuteremka, nimeenda hata kushika jembe. Hakuna mtoto wa mji huu hajui hilo. Lakini kichwani mwangu wewe ulikuwa Petro bado, na Petro angelala mochari wiki nzima, kamati ikikaa, kwaya ikijifunza nyimbo, na wote wakimngoja baba yake. Nilikuwa na wiki nzima ya kubembelezwa. Kumbe nilikuwa na saa chache tu, nikazitumia kupanga viti.

Ile chai nilimwaga mwenyewe.

Miaka mitatu imepita. Sasa nikuambie ya juzi. Mchungaji alinipa zamu ya Jumapili, nihubiri lile fungu langu la kondoo na mbuzi. Fungu hilo nililishika kwa masikio zamani, kabla sijajua herufi. Lakini safari hii nina miwani, nikasema nisome mwenyewe kwa kidole, waone. Nikasoma kwanza nyumbani. Pale katikati, mahali nilipokuwa naruka kila siku ili niwahi moto, kuna kitu Bwana anauliza. Hawaulizi wale watu kama walihubiri. Anauliza nani alimpa maji akiwa na kiu, nani alikwenda kumtazama akiwa mgonjwa.

Nilisoma mara nne. Nilidhani ni miwani.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa, koo langu hili likakataa. Nikarudi kukaa. Walidhani presha imepanda, mama mmoja akanipepea na daftari la nyimbo. Mtoto wangu, miaka yote uliuliza mbuzi walifanya kosa gani, na jibu nilikuwa nalipita pale mbele ya lango la hospitali nikiongeza mwendo.

Jumatatu nilikwenda kwa Wario. Naye ni mgonjwa, miguu imevimba, amelazwa sebuleni. Aliponiona hakuinua hata kichwa.

"Mzee wa Moto. Umekuja kuniambia kuni zangu ziko tayari?"

"Hapana. Nimekuja kukaa."

"Kaa basi. Halima, mletee baba yako maziwa ya ngamia. Weka mengi, huyu ametembea miaka mitatu kufika hapa."

Halima aliniita Baba. Sikustahili, lakini nilikunywa.

Nikamrudishia kikombe kitupu. Ndipo Wario akaniambia kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia. Kwamba siku zako za mwisho, akili ikienda na kurudi, kila jioni ulikuwa unapiga mluzi pale kitandani. Manesi walikukataza, ukawa unapiga polepole. Akajaribu kunionyesha, mbili fupi, moja ndefu, ikatoka upepo na mate. "Tulidhani anaita mbuzi," akasema. Kisha akageukia ukuta.

Mimi najua mbuzi hawakuwepo hapo. Najua ulikuwa unaita nani.

Ekiru, sitaki kukudanganya kwa karatasi. Moto bado naamini upo, na hukumu ipo, na wokovu niliouhubiri sijauacha. Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, unajua. Lakini ule mlango nimemwachia Mwenyewe afunge na afungue. Nilisimama pale kana kwamba fimbo ni yangu, kumbe hata kondoo na mbuzi nilikopeshwa tu.

Uko upande gani, sijui. Wangu naujua, nikisoma vile imeandikwa. Siku hiyo watu watakuwa wengi kuliko soko la mifugo, na macho yangu si ya zamani. Masikio bado ni mazuri, hapa Burat nzima hakuna mzee ana masikio kama yangu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mwanangu, na sitangoja kubembelezwa. Piga mluzi. Nitakuja upande ule mluzi unatoka, uwe kulia, uwe kushoto. Maji nitabeba.

Ni mimi,
baba yako.