Zainabu na Mfalme wa Mwalimu Mkuu

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Mjambere. Sote tu wazima. Mgonjwa ni babu yako peke yake, na ugonjwa wake ni paka wa jirani anayemwibia samaki.

Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kumshinda mwalimu wako kwenye sataranji. Wallahi, swali hilo liliwahi kunitoa jasho.

Watoto wa chama changu cha sataranji pale shuleni nilipofundisha walikuwa wa darasa la tatu, na wote walishanishinda. Siku moja mwalimu mkuu, aliyekitaka chumba chetu kwa ajili ya kwaya, akaja. "Nitacheza na mmoja. Nione kama mnajifunza ama mnapoteza wakati." Nikamtoa Zainabu.

Punde nikaona Zainabu amebakisha hatua moja tu ashinde. Nikapiga hesabu: akishinda, mkubwa ataaibika mbele ya watoto, akishindwa, chumba kimekwenda. Mtoto ameinua malkia wake, ameganda, ananitazama. Nami, mwalimu hodari, nikajifanya natafuta miwani niliyokuwa nimeivaa.

Zainabu akamgeukia mkuu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akamweka malkia. "Mfalme wako hana pa kwenda."

Mkuu akainamia ubao. Kisha akaanza kupanga kete zake upya.

"Kwaya wataimba uani," akasema. "Haya, panga zako."

Basi wewe mwamkie kwanza, halafu mshinde. Mimi Zainabu haniamkii tena kabla ya kunishinda, asema atachoka.

Nyanya yako,
Mwanaisha